Mgongo wa Farasi na Msako wa Mkosaji

Farasi wa kupanda anayeumwa mgongo hana lugha ya kulalamikia. Hununa anapotandikwa, huukunja mgongo ukiguswa, hupiga mateke mshipi wa tumbo unapokazwa, na pengine maumivu yake hujulikana kwa jambo dogo tu, kwamba jana aligeuka kushoto bila tabu na leo hataki. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili watu waliomtegemea mnyama huyu kwa vita na safari wamekuwa wakitafuta chanzo cha maumivu hayo, na majibu yao yamebadilika mara kadhaa. Kwanza alilaumiwa mpandaji, kisha likalaumiwa tandiko, kisha mfupa, na katika miongo ya karibuni mguu. Ni rahisi kuisimulia historia hii kama ngazi, kila kizazi kikipanda daraja moja juu ya kile kilichotangulia. Mimi siioni hivyo. Nionavyo, kila zama zilimtia hatiani mshukiwa aliyekuwa rahisi kukamatika kwa vyombo vya wakati huo, na maarifa yalisogea mbele pale tu mtu alipoacha kuuliza pana nini hapa panapouma, akauliza ni kitu gani kilichobadilika kabla hapajauma. Swali hilo la pili liliulizwa na madaktari wa mifugo wa majeshi katika karne ya 19, likasahauliwa vifaa vipya vilipokuja, na limeokotwa tena hivi majuzi tu.

Mgongo wenyewe hauna budi kuelezwa kidogo, maana makosa mengi yalitokana na kuuelewa vibaya. Nyuma ya shingo farasi ana pingili 18 zinazobeba mbavu, na baada yake kwa kawaida pingili 6 za kiuno. Juu ya kila pingili husimama kichomozo cha mfupa. Virefu kupita vyote ni vile vya mbele, vinavyofanya kile kinundu cha juu ya mabega ambacho tandiko hukaa nyuma yake. Kwa muda mrefu mgongo huu ulidhaniwa kufanya kazi kama daraja: nguzo mbele, nguzo nyuma, mzigo katikati. Mwaka 1946 mwanaanatomia wa Uholanzi, E. J. Slijper, alileta mfano mwingine, wa upinde na uzi wake. Uti wa mgongo ndio upinde, misuli ya tumbo ndiyo uzi, na kila kinachoulegeza uzi huubonyeza upinde. Tena miguu ya mbele ya farasi haikuungwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa. Kifua kimening'inizwa kati ya mabega kwa misuli mitupu. Mwili uliojengwa hivyo unaweza kuumizwa ukwatoni na ukalalamika mgongoni.

Watu wa kale waliujua mgongo huo kwa mkono kabla ya kuujua kwa kisu cha upasuaji. Xenophon, Mgiriki aliyeandika kitabu juu ya upandaji farasi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, hakuwa na tandiko lenye kiunzi; watu wake walikaa juu ya kitambaa au juu ya farasi mtupu. Alishauri achaguliwe farasi ambaye uti wa mgongo umezama katikati ya misuli iliyojaa pande zote mbili, na akaonya kwamba wakati wa kumsafisha uti huo usiguswe kwa chombo chochote ila kwa kiganja, kufuata ulalo wa manyoya. Sababu yake kubwa ilikuwa raha ya mpandaji, hatuna haja ya kumpamba. Lakini mpandaji asiye na kitu kati yake na mnyama huhisi msuli unapokonda. Jambo hilo lilikuja kupotea mtu alipopandishwa juu ya mbao na ngozi.

Tandiko lenye kiunzi kigumu lilikuwa ufumbuzi mkubwa. Warumi walikuwa nalo katika karne ya kwanza, likiwa na pembe nne za kumshika mpandaji. Huko China vikuku vya miguu vilikuwa vimeanza kutumika kufikia karne ya 4. Kazi ya kiunzi ni kuuinua uzito kutoka kwenye uti wa mgongo na kuutandaza juu ya misuli inayofunika mbavu, kushoto na kulia, na kuacha njia ya hewa katikati. Kiunzi kilirahisisha vita vya masafa na posta ya farasi. Ila kiunzi kilileta tatizo ambalo kitambaa cha Mgiriki hakikuwa nalo: ni umbo lisilobadilika lililowekwa juu ya mwili unaobadilika kila wiki. Farasi hunenepa msimu wa majani na hukonda safarini. Mbao zilizomkaa vizuri siku ya kuondoka, baada ya mwezi mmoja wa njaa humkalia mfupani. Karibu kila kosa lililofuata lilitokana na kulisahau jambo hili moja.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa askari. Katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 18 na ya 19 kidonda mgongoni kilihesabiwa kuwa kosa la nidhamu kabla ya kuwa ugonjwa. Ilikuwa desturi katika vikosi vingi kwamba askari ambaye farasi wake ameota kidonda ashuke, atembee kwa miguu na kumkokota mnyama wake nyuma ya wenzake. Desturi hiyo haikuwa ya ujinga. Mpandaji anayesinzia huegemea upande mmoja. Anayekunja blanketi ovyo huacha kipindo kinachochoma. Anayechelewa kushuka humnyima farasi dakika chache za damu kurudi kwenye ngozi iliyobanwa. Mwaka 1812, Napoleon alipoingia Urusi, askari wa farasi walioongozwa na Murat walisukumwa mbele siku baada ya siku katika joto la kiangazi, chakula kikiwa haba, na maelfu ya farasi walikuwa wamekwisha kabla jeshi halijafika Moscow. Wapinzani wa Wafaransa walipenda kusema kwamba Wafaransa walikuwa wapanda farasi hodari na watunzaji wabaya. Pengine ni kweli. Lakini tazama adhabu ile inavyofanya kazi: askari anayejua kwamba kidonda kitamshusha kwa miguu ana kila sababu ya kukificha kidonda kikiwa bado uvimbe mdogo unaopona kwa siku mbili za mapumziko. Tena adhabu humfikia mtu mmoja, hali farasi mia wa kikosi kimoja wanaweza kuota kidonda mahali pale pale katika wiki ile ile. Uzembe wa watu mia hauwezi kupangana namna hiyo. Farasi wengi wakiumia mahali pamoja kwa wakati mmoja, sababu iko juu ya askari.

Hapo macho yaligeukia tandiko, na karne ya 19 ikawa karne ya wavumbuzi wa matandiko. Marekani ilipitisha mwaka 1859 tandiko lililopendekezwa na George McClellan, afisa aliyekuwa ametumwa Ulaya wakati wa vita vya Crimea kuangalia majeshi ya huko. Lilikuwa jepesi, rahisi kutengeneza, na lenye uwazi mrefu katikati uliouacha uti wa mgongo upumue. Lilidumu jeshini kwa miongo mingi, na sifa zake ni za haki. Hata hivyo lilitengenezwa kwa vipimo vichache kwa ajili ya migongo ya kila namna, na ngozi mbichi iliyofunika kiunzi cha yale ya mwanzo, ikilowa na kukauka, ilipasuka na kuacha kingo kali. Waingereza nao walikuwa na matandiko yao ya jeshi zima, yakibadilishwa mfano baada ya mfano, kila mara kwa matumaini kwamba huu ndio utakaomaliza vidonda. Haukumaliza. Tandiko lilikuwa mshukiwa anayefaa sana kwa ofisi: linaweza kuagizwa, kupimwa, kulaumiwa na kubadilishwa bila kumgusa jenerali yeyote.

Katikati ya ubishi huo alitokea mtu ambaye, kwa maoni yangu, aliubadilisha msako wenyewe. Frederick Smith alikuwa daktari wa mifugo katika jeshi la Uingereza, aliyetumikia India kisha akafundisha katika shule ya jeshi ya udaktari wa mifugo huko Aldershot. Mwaka 1891 alichapisha mwongozo juu ya matandiko na vidonda vya mgongo. Thamani ya kazi ya aina yake haikuwa kuvumbua tandiko jipya. Ilikuwa kukichukua kidonda kama ushahidi unaosomeka. Kidonda juu ya kinundu cha mabega maana yake upinde wa mbele wa tandiko umeshuka, na ukishuka ni kwa sababu mbao zimeachana au farasi amekonda. Kidonda kiunoni maana yake nyuma ya tandiko imebeba kuliko mbele. Kidonda cha upande mmoja tu chataka kuulizwa maswali mengine: mpandaji ameegemea? mzigo haukulingana, bunduki ikiwa huku na upanga kule? au mnyama mwenyewe anatembea akijitoa upande mmoja? Palipovimba na palipochubuka pakatenganishwa pia, kwani kubana na kusugua ni mambo mawili. Kinachobana huua ngozi kwa kuinyima damu, na uvimbe wake hautokei mpaka tandiko liondolewe. Kinachosugua huonyesha jeraha lake waziwazi.

Kwa kuwa sehemu hii ndiyo iliyo tajiri kuliko zote, inastahili kukaliwa kidogo. Wataalamu wa majeshi walijifunza kusoma jasho. Tandiko likitolewa mgongoni baada ya safari ndefu, mgongo wote hutakiwa kulowana sawasawa. Kipande kikavu katikati ya ulowevu ni mahali palipobanwa mno hata tezi za jasho zikashindwa kufanya kazi. Walijifunza kusoma rangi. Manyoya meupe yanayoota mahali pa tandiko juu ya farasi mweusi au mwekundu ni kumbukumbu ya shinikizo la zamani, na mnunuzi mwerevu huyaangalia kabla ya kuangalia meno. Walijifunza kwamba farasi anapofika asivuliwe tandiko papo hapo. Mishipi hulegezwa kwanza, aachwe akiwa amebeba tandiko lililolegea mpaka mgongo upoe, kwa sababu damu inayorudi ghafla kwenye ngozi iliyobanwa kwa saa nyingi huivimbisha. Na walijifunza kupitisha kiganja kila asubuhi pande zote mbili za uti wa mgongo na kulinganisha jana na leo. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji mashine. Vyote vinahitaji kuwa na kumbukumbu ya farasi yule yule alivyokuwa kabla.

Jaribio la elimu hiyo lilikuja Afrika Kusini, katika vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902, na jaribio lilikuwa la kutisha. Waingereza walipoteza humo zaidi ya farasi 300,000. Waliopigwa risasi walikuwa sehemu ndogo. Wengi walikufa kwa njaa, uchovu na maradhi, au walitupwa kwa kuwa hawakuweza tena kubebeshwa. Farasi walinunuliwa Argentina, Hungary, Marekani, Kanada, Australia na kwingineko, wakasimama wiki kadhaa ndani ya meli, wakashushwa bandarini misuli ikiwa imelegea, wakapandishwa garimoshi na kupelekwa mbele bila mapumziko ya maana. Hapo waliwekewa askari mzima pamoja na bunduki, risasi, blanketi, chakula na vyombo, mzigo uliokaribia kilo 130. Kitengo cha Jenerali French kiliingia Kimberley tarehe 15 Februari 1900 baada ya siku chache za mwendo mkali katika jua, farasi wakianguka njiani. Siku hiyo hiyo De Wet, kamanda wa Makaburu, aliuteka msafara mkubwa wa magari ya chakula huko Waterval Drift. Wiki tatu baadaye, huko Poplar Grove, Kruger mwenyewe, rais wa Transvaal, akiwa karibu, farasi wa Waingereza hawakuwa na nguvu ya kumzunguka adui, na akaponyoka.

Sasa uliza mgongo wa farasi mmoja wa kikosi kile uliharibiwa na nini. Tandiko lake ni lile lile lililokaguliwa na kupitishwa Uingereza. Askari wake huenda ni mzuri. Lakini farasi amepoteza nyama iliyokuwa ikiishika mbao mbali na mfupa, upinde wa mbele umeshuka, na kila hatua ya mchakamchako humpiga kinunduni. Mtu wa nidhamu ataona askari. Fundi ataona tandiko. Wote wawili wataona kitu kilichopo kweli. Anayeuliza nini kilibadilika ataona meli, reli, shayiri isiyofika, na kamanda aliyeamuru mwendo wa siku nne uishe kwa siku mbili. Smith, ambaye baadaye aliandika historia ya kazi ya madaktari wa mifugo katika vita hivyo, lawama zake nzito aliziweka kwenye mfumo: farasi wasiozoeshwa, wagonjwa waliochanganywa na wazima, na idara ya mifugo iliyoingia vitani bila watu wala hospitali za kutosha. Mwaka 1903 jeshi likaunda kikosi kamili cha mifugo chenye askari wake. Port Elizabeth ikaweka mwaka 1905 sanamu ya kumbukumbu ya farasi wa vita hivyo, na ni vyema kuona wachongaji walichagua nini: askari aliyepiga magoti akimnywesha farasi kwa ndoo. Hata raia wa kawaida walijua wanyama wale walikufa kwa kukosa nini.

Ushahidi mzuri kuliko sanamu ni tandiko lenyewe. Mfano ambao jeshi la Uingereza lilitoa mwaka 1912 ulikuwa na mbao za ubavuni zinazocheza, si zilizokazwa kwenye upinde kama zamani, ili zifuate mgongo unavyokonda au kunenepa. Hilo ni ungamo la chuma na ngozi. Jeshi lilikuwa limekubali kwamba hakuna umbo moja litakalomfaa farasi mmoja tangu mwanzo wa vita hadi mwisho. Somo lilipofika pande zetu, mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, halikupata hata nafasi ya kujaribiwa: wapanda farasi wa Afrika Kusini walioongozwa na van Deventer walipokwenda kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi katika mvua za Aprili, mbung'o na homa ya farasi iletwayo na usubi viliwamaliza mamia ya wanyama hao, na mgongo ukawa jambo la mwisho kuhojiwa. Ndiyo sababu hiyo hiyo iliyofanya farasi abaki kuwa mgeni katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, hali punda wa Lamu anaendelea na kazi.

Hapa msomaji makini ana haki ya kuleta pingamizi. Majeshi yalihangaika na vidonda vya ngozi, atasema, na mmiliki wa leo anahangaika na maumivu ya ndani, ya misuli na viungo, ambayo hayaonyeshi hata mchubuko. Haya ni maradhi mawili, na ni makosa kuyafunga katika historia moja. Pingamizi lina uzito na sitalipuuza: farasi anayepandwa saa moja kwa siku akiwa ameshiba hapati jeraha la kinunduni la Poplar Grove. Lakini kinachounganisha zama hizo si aina ya jeraha bali namna ya kufikiri. Kidonda cha ngozi kilikuwa rahisi kusomeka kwa sababu kiliandikwa nje. Maumivu ya ndani yaliposhika nafasi yake, maandishi yalifichika, na watafutaji wakakimbilia chombo chochote kinachoahidi kuonyesha ndani. Hapo ndipo mfupa ulipoingia kizimbani.

Eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895, lakini mgongo wa farasi ni mnene, na mashine za kuupenya vizuri zilisubiri hadi miaka ya 1970. Mtu aliyefungua njia alikuwa Leo Jeffcott, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Newmarket, Uingereza. Mwaka 1980 alitoa uchambuzi wa visa 443 vya maradhi ya mgongo, kazi ambayo bado ni msingi. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni hali ya vichomozo vya pingili kusogeleana, kugusana, hata kusagana, hasa chini ya mahali anapokaa mpandaji. Picha yake inaogofya: mfupa unaogusa mfupa, kingo zilizosagika na kuwa nyeupe. Nani ataitazama na kusema farasi huyu hana maumivu? Kwa miaka mingi wengi walioonyeshwa picha hiyo waliona msako umekwisha. Upasuaji ulifuata, wa kukata kichomozo au kukata kano linalokiunga na mwenzake, na farasi wengi walirudi kazini wakiwa na nafuu. Hilo nalo ni ushahidi, na mtetezi wa mfupa hulitaja kwanza.

Tatizo ni kwamba picha ile ile hupatikana kwa farasi wasioumwa. Jeffcott mwenyewe alitahadharisha mapema kwamba mabadiliko hayo huonekana pia kwa wazima. Uchunguzi uliofanywa Sweden na kuchapishwa 2004, juu ya farasi wa kupanda wasio na dalili yoyote ya mgongo, ulikuta vichomozo vilivyokaribiana na vilivyobadilika umbo kwa wengi wao. Kwa hiyo mfupa unaogusana ni mshukiwa aliyekutwa karibu na tukio, lakini vivyo hivyo hukutwa mahali pasipotokea kitu. Ili kumtia hatiani inabidi mtu aonyeshe jambo zaidi, kwa mfano apige sindano ya ganzi kati ya vichomozo vile na aone kama farasi aliyekuwa akirusha mateke anatulia. Wapo wanaotulia, na kwao mfupa kweli ni chanzo, au walau ni kituo cha mwisho cha maumivu. Lakini mtu anayeishia kwenye picha hana tofauti na sajini aliyemshusha askari wake atembee.

Mguu ulifika mwisho kabisa, ingawa wazee wa zizi walikuwa wakimtazama farasi akitembea kabla ya kumshika mgongo. Mwaka 1982 Jeffcott na wenzake wa Sweden walifanya jaribio la maana sana: waliwadunga farasi wa mbio za mchakamchako asidi kwenye msuli mkubwa wa mgongo, wakawasababishia maumivu ya muda, kisha wakapima hatua zao. Wanyama walikakamaa na kupunguza bidii, lakini mpangilio wa hatua haukubadilika sana, hawakuanza kuchechemea. Miaka 25 hivi baadaye, mnamo 2007 na 2008, watafiti wa Ulaya waligeuza swali. Waliwavisha farasi viatu maalumu vya kuwafanya wachechemee kidogo kwa muda juu ya mkanda wa kutembelea, na mwendo wa uti wa mgongo ukabadilika mara moja, hata kwa kuchechemea kudogo hivyo. Majaribio hayo mawili yakiwekwa pamoja, yanaonyesha kwamba njia kutoka mguuni kwenda mgongoni ni pana kuliko ile ya kutoka mgongoni kwenda mguuni. Hesabu za zizini zinaelekea huko huko: uchunguzi wa Uholanzi wa mwaka 2004 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya farasi wenye matatizo ya mgongo walikuwa pia wakichechemea.

Mtu atajibu kwamba kukuta mambo mawili pamoja hakusemi lipi lilitangulia, na kwamba maumivu ya mgongo ya miezi mingi si sawa na asidi ya siku chache. Ni kweli, na ndiyo maana hesabu peke yake hainiridhishi. Kinachoniridhisha zaidi ni tandiko linaloteleza. Kwa vizazi vingi tandiko linalokwenda upande mmoja lililaumiwa kuwa limeshonwa vibaya, au mpandaji alilaumiwa kwa kukaa vibaya, naye mara nyingi alikubali, kwani ni kweli alikuwa amekaa upande. Sue Dyson, daktari wa mifugo aliyekuwa Newmarket wakati huo, na mwenzake Line Greve walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa farasi waliochechemea miguu ya nyuma na ambao matandiko yao yaliteleza. Mguu unaouma ulipotiwa ganzi, karibu matandiko yote yalirudi katikati. Tandiko halikubadilishwa, wala mpandaji hakubadilishwa.

Je, basi tandiko halina hatia? Fundi matandiko angekasirika kusikia hivyo, na angekuwa na haki. Mkeka wa kupima shinikizo unaowekwa chini ya tandiko, uliotumika tangu miaka ya 1990, umethibitisha karibu kila kitu ambacho madaktari wa majeshi walikisoma kwenye jasho: mahali palipobanwa sana ndipo panapouma. Tandiko jembamba mno humnyima farasi nafasi ya kuinua mgongo, misuli hupungua, na iliyopungua hulifanya tandiko likae vibaya zaidi. Ila hapa pia mpangilio wa wakati ndio unaoamua. Tandiko lililomkaa farasi vizuri kwa mwaka mzima likaanza kumuumiza mwezi huu halikubadilika lenyewe. Kilichobadilika ni mwili ulio chini yake, na atakayenunua tandiko jipya bila kuuliza kwa nini mwili umebadilika atanunua jingine mwakani.

Kikwazo kikubwa kilichobaki si cha vifaa bali cha jicho la mtu. Mwaka 2018 Dyson na wenzake walitoa orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa, kama vile kulaza masikio, kufungua kinywa mara kwa mara, kupungia mkia na kuburura kwato za nyuma, wakaonyesha kwamba mwenye 8 au zaidi kati ya hizo huenda ana maumivu ya misuli na mifupa. Nyingi ya tabia hizo wapandaji walizihesabu kuwa ukaidi, na waliziadhibu kwa fimbo au kuzifunika kwa kamba ya kubana kinywa. Na mwaka 2014 Greve na Dyson walipowakagua farasi 506 wa michezo ambao wamiliki wao waliamini ni wazima na waliokuwa kazini kila siku, karibu nusu yao walikuwa wakichechemea au wamekakamaa.